Mbao za Behewa Kando ya Mlima Kenya

Reli haikuwahi kufika Embu, na Meru ni vivyo hivyo. Njia iliyotoka Nairobi ikafunguliwa mwaka 1913 iliishia Thika, na kwenye makaratasi ya serikali ya kikoloni haikuitwa hata reli. Iliitwa Tramu ya Thika. Miaka ya 1920 ikasogezwa hadi Sagana na Karatina, ikauzunguka mlima kwa upande wa magharibi, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa Nanyuki. Upande wa mashariki, wenye mvua nyingi, kahawa na misitu mizito, ukabaki bila hata pande moja la chuma. Mtu wa Embu aliyetaka garimoshi aliteremka hadi Sagana. Wa Meru alipanda Timau akaenda kulitafuta Nanyuki.

Kwa hiyo rafiki zangu walishangaa niliposema ninakwenda Embu na Meru kujifunza namna mabehewa ya makumbusho yanavyokarabatiwa. Lakini behewa la kale, sawa na tramu ya kale, ni kazi ya seremala kabla ya kuwa kazi ya fundi chuma. Chini kuna magurudumu na fremu ya chuma. Juu yake kumejengwa nyumba ya mbao. Chuma hukaa. Mbao huliwa na mvua, jua na mchwa, na siku inapooza kuna maswali mawili ambayo hakuna makumbusho yanayoweza kuyakwepa: mbao nyingine itatoka wapi, na nani bado anajua kuichonga? Niliamini kwamba sehemu kubwa ya jibu iko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, nikafunga safari.

Haja ya maswali hayo inaonekana ukikumbuka troli za Mombasa. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandaza reli nyembamba kutoka pwani kuelekea bara, kazi ikafa baada ya maili chache tu, na vyuma vile vikang'olewa vikatandazwa upya kisiwani. Juu yake zikapita troli ndogo zenye benchi na paa la turubai, zikisukumwa na vijana kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Hiyo ndiyo iliyokuwa tramu hasa ya Kenya. Motokaa zilipoongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1920, troli zikaacha kazi. Leo wengi wetu tunazijua kwa picha tu, kwa sababu chombo chepesi cha mbao kikishaachwa hakisubiri mtu.

Karakana ya kwanza niliyoingia iko nje kidogo ya mji wa Embu, ng'ambo ya mto Rupingazi. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu zamani, ambaye ujana wake ulipita katika karakana za reli Nairobi, kitengo cha mabehewa. Nilimkuta amevaa aproni ya turubai, penseli imekaa nyuma ya sikio, anafundisha kijana wa mtaani kupiga randa ubao wa mti wa mukima.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Nimeambiwa unatafuta treni. Hapa hakuna treni, lakini madirisha yake nayajua."

Akanionyesha. Behewa la abiria la zamani, alieleza, lilikuwa na dirisha la tabaka tatu: kioo, wavu wa kuzuia wadudu, na shata ya vibao vyembamba vilivyolala mshazari. Abiria alichagua mwenyewe la kushusha na la kupandisha kulingana na vumbi, mbu au mvua. Shata ndiyo ilikuwa kipimo cha fundi. Kila kibao hukaa ndani ya mfereji wake uliochimbwa kwa patasi kwenye nguzo mbili za fremu, na mifereji yote lazima iwe na mlalo mmoja. Ukikosea mmoja tu, maji ya mvua hayateremki nje. Yanarudi ndani na kukaa kwenye kiungo, na hapo ndipo uozo huanzia.

Alichukua nguzo mbili, akazilaza sambamba juu ya meza, akazibana pamoja na kuchora mistari yote kwa mara moja ili pande mbili zisipishane. Kisha akachimba mfereji wa kwanza taratibu, akipuliza vumbi la mbao kila baada ya pigo. Kwenye kona za fremu alitumia ulimi na tundu, bila msumari.

"Ulimi ukiingia kwa mkono mtupu, umelegea," alisema. "Ukidai nyundo, utapasua nguzo. Unatakiwa uingie kwa kofi." Akaupiga kwa kiganja. Ukaingia wote, ukatulia.

Kijana akajaribu wake. Haukuingia. Mzee hakumwambia lolote. Alimpa patasi tena, naye akarudi kwenye mwanga wa dirishani kuutazama ulimi ule vizuri. Nilikaa pale hadi ulipoingia.

Nilimuuliza kuhusu mbao. Akaingia ndani akatoka na kipande kifupi cha msaji, cheusi kwa uzee. Akakikwangua kidogo kwa kisu na kunipa ninuse. Chini ya weusi ule mbao ilikuwa ya rangi ya asali, yenye mafuta vidoleni. Mabehewa mengi ya zama zile, alisema, yalijengwa kwa msaji uliotoka Asia, kwa sababu mafuta yake huzuia uozo na hayali misumari. Kwa ubavu wa nje wa behewa, unaopigwa na mvua na jua, hakushauri mbao nyingine.

"Na muuru?" nikauliza. Nilikuwa nimekuja na matumaini makubwa juu ya mti huo.

"Muuru ni wa ndani. Dari, kuta, meza, viti. Ukiuweka nje, baada ya miaka michache utaniita tena." Akafikiri kidogo. "Kwa nje, kama msaji umekosekana, zamani tungesema muthaiti. Siku hizi muthaiti huwezi kuugusa, na ni haki usiguswe."

Msaji si lazima uvuke bahari tena. Tanzania imekuwa na mashamba ya serikali ya msaji kwa miongo mingi, Longuza kule Muheza, Tanga, na Mtibwa mkoani Morogoro, na mbao zake huuzwa kihalali. Hivyo nilitoka Embu nikiwa na ramani ya behewa kichwani: ngozi ya nje ingetoka Tanga, na mapambo ya ndani yangetoka kwenye mlima huu.

Barabara ya Embu kwenda Meru ni ya mito. Kila baada ya muda mfupi gari huteremka bondeni, huvuka daraja na kupanda tena kwa gia nzito. Thuchi, mpaka wa kaunti ya Embu na Tharaka Nithi, uko chini kabisa ya mteremko mrefu. Nithi ni mbaya zaidi. Daraja lake limeua watu wengi mno, na gari letu lilinyamaza lote hadi tulipomaliza kona ya upande wa pili. Upande wa kushoto, juu ya mashamba ya majani chai, msitu wa mlima ulikuwa ukuta wa kijani kibichi uliofunikwa na mawingu hadi kiunoni.

Ndani ya ukuta huo ndimo unamoota muthaiti, ambao wanasayansi huuita Ocotea usambarensis na wauza mbao huuita kafuri kwa ajili ya harufu yake. Ni mti wa misitu yenye mvua, mrefu, mwenye mbao ngumu inayofukuza wadudu yenyewe. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Agizo la rais la mwaka 1986 lilipiga marufuku kukata miti ya asili katika misitu ya serikali, lakini msumeno haukusikia. Mwaka 1999 wataalamu walipanda ndege wakaupima msitu wa Mlima Kenya kutoka angani, wakahesabu zaidi ya miti 6,700 ya kafuri iliyokatwa. Wakati huo mlima ulikuwa na miaka miwili tu tangu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Baada ya ripoti ile msitu wote ukawekwa chini ya ulinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ukataji ukapungua sana.

Nasimulia haya kwa sababu mapenzi ya vitu vya kale yanaweza kugeuka dhuluma. Mtu anaweza kukarabati behewa moja kwa uzuri wa ajabu huku akilipa wezi wa msitu bila kuuliza. Ubao usio na karatasi yake haustahili kuingia makumbusho, hata kama unalingana na wa zamani kwa kila mshipa.

Chuka, kabla ya kufika Nithi, niliteremka kutafuta muuru wenyewe. Wauza mbao wa Nairobi huuita Meru oki. Jina lake la kisayansi, Vitex keniensis, linataja nchi yetu, kwa kuwa makazi yake ya asili ni miteremko hii ya Mlima Kenya. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alinipeleka nyuma ya nyumba yake akanionyesha uliosimama. Shina lilikuwa limenyooka, gome la kijivu. Aliinamisha tawi ili nione jani lenye vidole vitano vilivyotokea mahali pamoja, akanionyesha na matunda ambayo watoto huyala yakishaiva na kuwa meusi.

"Huu alipanda baba yangu," alisema. "Mimi nimepanda ile midogo kule chini, kwenye mpaka na kahawa."

Huo ndio muuru unaoweza kununuliwa kwa moyo safi. Mkulima anayetaka kuukata huomba kibali, na mbao zinapotoka shambani kwenda mji mwingine husafiri na kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Uwanjani kwake mbao zilikuwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, ncha zake zimepakwa rangi zisikauke haraka na kupasuka. Alichagua moja, akaipiga randa mara mbili tatu na kuilowesha kwa kiganja chenye maji. Mishipa ya hudhurungi iliyokoza ikajitokeza kwenye mbao ya kijivu, ikitiririka kuzunguka kifundo. Nikaelewa kwa nini maseremala wa mlima huu huichagua kwa kabati na meza zinazotakiwa kuonekana.

Bei yake kwa futi ilikuwa juu sana kuliko ya saipresi. Sababu yake ilikuwa mbele ya macho yangu: saipresi mpandaji huivuna mwenyewe, ilhali muuru wa baba huvunwa na mwana.

Nilifika Meru jioni, soko la Gakoromone likiwa bado limejaa watu na magunia. Asubuhi nilikwenda makumbusho. Yamo katika jengo la mawe la zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, moja ya majengo ya kale kuliko yote mjini, lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Utawala wa kikoloni mjini hapo ulianza mwaka 1908 alipofika E. B. Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi, mzururaji. Mwaka 1974 ofisi ile ikageuzwa makumbusho, na mahali palipokuwa pa kuamrisha watu pakawa pa kuhifadhi mali zao: mizinga ya nyuki, vibuyu, ngao, vyombo vya wazee wa baraza la Njuri Ncheke. Nyuma kumejengwa boma la asili, watoto wa shule wanaingia na kutoka wakiinama mlangoni.

Nilikaa sana mbele ya mzinga wa nyuki. Ni gogo lililochongwa wazi ndani, limefungwa ncha mbili kwa vifuniko vya mbao vilivyokaa sawasawa. Aliyeuchonga hakuwa na rula. Alijua mti gani hautapasuka ukikauka, akajua aukate wakati gani. Ujuzi wa mbao katika nchi hii ulikuwepo kabla ya karakana ya reli, na baadhi ya vijana waliotoka milimani kwenda Nairobi kuchonga mabehewa waliubeba mikononi. Tunapoandika historia ya reli tunataja magavana na wahandisi. Mchonga mzinga hatumtaji, wala mwanawe aliyetengeneza shata za madirisha.

Kutoka Meru barabara hupanda kupita msitu wa Imenti, hutokea kwenye mashamba ya ngano ya Timau, na ghafla upande wa kulia nchi huporomoka kuelekea nyika za Isiolo, vilima vya samawati vikiwa mbali. Baridi ilikuwa kali. Nanyuki nilikuta stesheni yenye watu, wengine wakipiga picha na wengine wakiwa wasafiri wa kweli wenye mizigo. Njia hii ilikaa kimya miaka mingi, nyasi zikaota kati ya mataruma, hadi ilipokarabatiwa na treni ya abiria ikarudi mwaka 2020. Nilikata tiketi ya Nairobi.

Treni hii haina haraka. Ilipita Naro Moru, Kiganjo na Karatina, watoto wakiikimbilia kwenye kingo za mashamba. Sagana ilisimama, nikatoa kichwa dirishani kuutazama upande wa Embu, mahali ambapo vizazi vya watu wa Mbeere na Embu walishuka na masanduku yao wakatafuta gari la kuwafikisha nyumbani. Baada ya Makuyu yakaja mananasi, kisha Thika. Kutoka hapo hadi Nairobi nilikuwa juu ya njia ya ile tramu ya 1913, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba watu wa mashariki ya mlima wana hisa katika historia hii. Kodi zao na kahawa yao vililipia reli ambayo wao waliifuata kwa miguu.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1971, karibu na stesheni kuu. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye behewa namba 12, la mbao, ambalo usiku mmoja wa Juni 1900 lilisimama stesheni ya Kima likiwa na Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliyekuja kuwinda simba mla watu. Ryall alisinzia zamu yake. Simba akaingia, akamnyakua na kutoka naye dirishani. Nililizunguka behewa hilo mara kadhaa nikitazama viungo vyake. Hadithi ya simba huvuta umati, lakini kisa hicho kinashikika kwa mkono leo kwa sababu mbao zile zilitunzwa. Zingeachwa, tungebaki na aya moja kitabuni.

Hatua chache kutoka hapo limesimama jitu la chuma, namba 5918, Mount Gelai. Ni mojawapo ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252, vyenye nguvu kuliko kichwa kingine chochote cha mvuke kilichowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja. Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Cha kwanza kabisa, 5901, kiliitwa Mount Kenya. Hicho hakipo, kilikatwakatwa kama chuma chakavu pamoja na karibu wenzake wote, wakabaki wawili tu. Gelai aliwahi kufufuliwa na kuvuta treni za safari maalumu miaka mingi baada ya mvuke kustaafu, na waliomfufua ni mafundi wa hapa waliokuwa bado wanakumbuka.

Kule Crich, Uingereza, wapenzi wa tramu wamekuwa wakifanya ufufuaji wa namna hii tangu miaka ya 1950. Tramu kadhaa walizikuta mashambani zimegeuzwa stoo, bila magurudumu, wakazijenga upya ubao kwa ubao hadi zikabeba abiria tena. Mwaka 2005 vyama vya reli za kihistoria vya Ulaya vilikubaliana, katika mwongozo unaoitwa Mkataba wa Riga, kwamba chombo cha kale kiguswe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo na kila kilichobadilishwa kiandikwe. Mkataba huo pia unauhesabu ujuzi wa kuendesha na kutengeneza kuwa sehemu ya urithi wenyewe. Mzee wa Embu hajausoma, lakini alikuwa akiutekeleza kila alipomrudishia kijana patasi bila kusema neno.

Hapo ndipo safari yangu iliponifikisha. Behewa lililopakwa rangi mpya juu ya ubao uliooza halijakarabatiwa. Likijengwa upya na fundi ambaye hakufundisha mwingine, limeahirishiwa kifo tu, kwa sababu baada ya miaka arobaini mvua itakuwa imerudi kwenye viungo vilevile na fundi hatakuwepo.

Kwa hiyo nina ombi kwa kaunti za Embu, Meru na Tharaka Nithi, ambazo kwa Katiba ya 2010 ndizo zinazosimamia vyuo vya ufundi vya vijijini. Wazee waliofanya kazi katika karakana za reli waitwe vyuoni wakiwa bado wanaona vizuri na mikono haijaanza kutetemeka, wafundishe shata, ulimi na tundu, na paa la turubai, huku vijana wakipiga picha na kuandika vipimo. Makumbusho ya Meru yapewe nafasi na fedha za kuonyesha kazi hizo kando ya mizinga ya nyuki, ili mtoto aone kwamba ni ujuzi mmoja. Na wakulima waliopanda muuru kwenye mipaka ya kahawa wapate mkataba wa kweli na taasisi zitakazouhitaji, wenye bei inayomlipa mtu kwa kusubiri. Muuru utakaoziba dari ya behewa mwaka 2070 unatakiwa uwe kitaluni msimu huu wa mvua, na kijana atakayeuchonga anatakiwa ajue hivyo.